Katriji za Barabara ya Barton

Kampuni iliyozitengeneza ilikufa kabla sijazaliwa,
lakini amri yake bado inatawala rafu tatu
dukani kwa Lubomir Hnatiuk, Barabara ya Barton, Hamilton,
mji ambao theluji yake huanguka ikiwa tayari na masizi:
vita, nyekundu;
mpira na mbio, kijani;
safari za anga, samawati;
mafumbo, zambarau;
hesabu na herufi za watoto, manjano;
karata na kamari, kijivu.
Mtoto asiyejua kusoma angejua pa kunyoosha mkono.

Hnatiuk hajui.
Miaka ishirini na sita kwenye tanuri la chuma
alipima joto kwa chombo, si kwa jicho,
maana jicho lake halijawahi kutenganisha
nyekundu na kijani. Alizaliwa hivyo.
Kiwandani alificha. Dukani hakuweza:
mvulana aliyetaka hoki akauziwa mizinga,
akarudi Jumatatu, kimya, kununua mizinga mingine.

Ndipo akaniajiri niwe macho,
dola kumi na saba kwa saa.

Siku ya kwanza nilipanga bila kusema.
Siku ya pili akauliza, kwenu rangi mnaziitaje?
Nikamwambia majina hatuna mengi, tuna vitu.
Kijivu ni jivu. Kijani ni jani.
Samawati ni mbingu zenyewe,
tulizikopa kwa Waarabu, hatujazirudisha.
Zambarau ni tunda, ukilila ulimi unakusaliti.
Manjano ni kiungo cha mchuzi, hakitoki kwenye kucha.
Akachukua boksi la hesabu, akaliweka puani,
akavuta pumzi kama anayechagua tikiti.
"Karatasi," akasema. "Na unyevu wa ghala la mtu mwingine.
Hakuna mchuzi humu. Wametudanganya."

Nilicheka peke yangu hadi kituo cha basi.

Jua la dirishani nalo halijui rangi:
limeyalamba maboksi ya mbele mwaka baada ya mwaka
hadi vita vikawa waridi, anga ikawa maziwa,
na viwanja vyote vya mpira vikageuka maji.
Hayo nayasoma ubavuni, palipobaki kivuli.

Kisha ile Alhamisi kisu cha kufungulia kikateleza.
Tone moja likadondoka juu ya kifuniko cha vifaru,
likapotea, nyekundu ndani ya nyekundu,
na asiyeliona nilikuwa mimi.
"Hapo," akasema yeye, akifyonza kidole. "Panang'aa."
Lilipokauka nikaliona, limekolea,
nikamwambia hiyo rangi ina jina kwetu,
imo kwenye sweta za shule na mazulia ya harusini,
inaitwa damu ya mzee.
Akaniomba nirudie. Nikarudia.
Akacheka mpaka akakohoa, akaketi juu ya kreti,
akasema kiwandani walimwita majina mabaya kuliko hilo.
Halafu akatwaa kalamu ya wino mzito,
akaandika ubavuni mwa boksi, herufi kwa herufi,
nami nikimtajia: DAMU YA MZEE.
Na bei. Akaongeza dola mbili.

Usiku ule nilikunja manjano kidogo kwenye gazeti,
asubuhi nikatia chembe ndani ya kila boksi la hesabu.
Sikumwambia. Saa nne akapita, kahawa mkononi,
akasimama. Pua ikanyanyuka.
Mkono wake ukaenda wenyewe,
ukapita vita, ukapita mpira, ukarudi nyuma kidogo,
ukatua.
Hakuniangalia. Alikunywa kahawa yake.

Juzi mteja wa Buffalo ameandika:
katriji inafanya kazi, ahsanteni,
ila binti yake amepiga chafya mara nne,
na kwenye kucha zake kuna kitu
ambacho sabuni imeshindwa.