Ribiti

Neno lilifika saa nne asubuhi,
nyuma ya jalada la filamu, kwa herufi nyekundu:
riveting.
Bwana Chaurembo akasema, "Lipe Kiswahili chake.
Neno moja tu, nafasi yenyewe hii,"
akanipimia kwa ukucha.

Nikajaribu kusisimua. Limechakaa.
Kila soda inasisimua, kila mnada wa mitumba Karume,
hata kipaza sauti cha dawa ya kunguni kinasisimua.
Kuteka: nikaona bunduki.
Kunasa: nikaona panya wa stoo yetu juu ya gundi,
jicho moja wazi, ananitazama mimi.
Kuvutia nikawaachia maharusi
na madalali wa viwanja vya Kigamboni.

Kamusi nene ikaniambia: asili yake ribiti.
Nikaifunga, nikashuka Gerezani.

Gerezani hawaongei, wanagonga.
Pazi alikuwa akirudishia karai sikio lililong'oka.
Akalinganisha tundu na tundu,
akapitisha kipande cha chuma, kifupi, hakina ncha,
kina kichwa upande mmoja.
Akakigonga upande wa pili, taratibu, akikizungukia,
mpaka nacho kikaota kichwa.
"Sasa kina vichwa viwili," akasema,
"hakijui pa kutokea."
Na mtu akitaka kuvitenganisha?
"Atoboe upya. Ila tundu litabaki."

Nikarudi kwa miguu hadi Keko, nalitafuna neno:
kichwa kimoja kwa anayesimulia,
kingine kwangu,
na katikati yetu bati mbili
zilizosahau kwamba zilikuwa mbili.
Vizuri. Lakini hilo halienei kwenye ukucha.

Usiku nikabandika wali.
Ukuta wetu ni mwembamba; ng'ambo yake
Sikudhani anamsimulia mdogo wake
habari za mkoba aliouona
kwenye buti la gari la mumewe.
Mkoba wa kike. Mwekundu. Una kufuli.
"Nikatafuta bisibisi," anasema,
nami nimesimama, mwiko mkononi.
"Kufuli likaachia," anasema,
kisha kimya, anapuliza chai,
anapuliza chai mwanamke huyu,
Mungu wangu, anapuliza chai.

Harufu ya ukoko ikaja.
Si chumbani kwangu tu: kwa Mwanahawa,
kwa yule kinyozi wa chumba cha mwisho,
korido nzima, vyumba sita,
sufuria zinaungua
na hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Asubuhi nikampelekea Bwana Chaurembo
karatasi yenye maneno mawili:
Wali utaungua.
"Nilisema moja," akafoka. "Na wali umetoka wapi?"
Nikamweleza. Ukuta, mwiko, buti, bisibisi.
Simu yake ikaita mpaka ikachoka.
Mteja akauliza bei mara mbili, akaondoka zake.
"Ehe," akasema, kalamu hewani,
"ndani ya mkoba mlikuwa na nini?"

Nikamwambia aagize chai kwanza.
Ikaja ya moto sana.
Nikaanza kuipuliza.