Daftari la Mahudhurio, Darasa la Tatu B

Kitangari, msimu wa korosho. Watoto tisini na tatu
na mimi mmoja mwenye kalamu mbili:
buluu kwa aliyepo, nyekundu kwa asiyekuwepo.
Naita haraka, maana kengele haina huruma.
Mchopa. Nipo. Mnunduma. Nipo. Nampoto.
Nampoto.
Nampoto!
Nyekundu.

Siku arobaini na moja nilimtia wekundu
Shaibu Nampoto, dawati la nne, ubavuni mwa dirisha,
naye ameketi, kola imefungwa hadi juu,
taya limekaza kama kufuli la ghala la ushirika,
macho ameyafumba, kisigino kinapiga sakafu
kuisukuma ile *n* itoke.
Nilisema, huyu ana kiburi.
Nilisema kwa sauti, ili na wenzake wajue.

Mama yake alikuja na ripoti mkononi,
vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda.
"Mwalimu, hapa pameandikwa *mtoro*.
Kila alfajiri namwogesha kwa maji ya kununua.
Huwa anakwenda wapi?"
Akangoja. Kisha, polepole:
"Bibi yake anataka akatwe chini ya ulimi.
Mjomba anasema alitekenywa mno uchangani.
Nawe uliyesomea, unasemaje?"

Mimi niliyesomea.
Chuoni kigugumizi kilikuwa ukurasa mmoja,
ukafundishwa siku ya mvua, baada ya ubwabwa,
nami nilisinzia.

Kesho yake nilikariri nao jedwali la saba,
darasa zima kwa mpigo mmoja,
nikapita taratibu hadi dirishani, nikainama:
saba mara sita, arobaini na mbili,
saba mara saba, arobaini na tisa,
sauti yake inamiminika
kama mafuta kwenye kibuyu kilichoinamishwa.
Darasa likanyamaza. Nikamuuliza yeye peke yake.
Akakwama palepale, ukingoni mwa neno,
na neno alikuwa nalo, nililiona shingoni.

Ulimi mzima, basi. Akili nzima.
Na mimi mlangoni, nikitazama saa.

Tangu hapo sikio langu limepata kazi.
Asinati huniambia, "Naomba lula."
Huo si ugonjwa; ni Kimakonde cha kwao
kimekuja naye shuleni, kimevaa sare.
Nilikuwa nikimcheka. Rula hii hapa, mwanangu.

Lakini Fakihi, yule mpole wa nyuma?
Nikisema, fungueni daftari, choreni pembetatu, andikeni jina,
yeye hufungua daftari, kisha hubaki ananitazama.
Nilimwita mzito.
Sasa nampa moja; akimaliza, moja nyingine.
Pembetatu zake zina ncha kali kuliko zangu.
Ila maneno bado yanamtoroka:
ndoo ni "kile cha kubebea",
jana ufagio ulikuwa "kile", basi, na mkono hewani.
Sijui niiteje hali hii.
Nimeandika barua wilayani, nimeomba mtaalamu.
Jibu halijaja.

Siku hizi kuitika ni hiari ya mtu:
nyoosha mkono, simama, gonga dawati.
Shaibu alizoea kugonga mara mbili.
Leo hakugonga.
*N* ilikaa mdomoni mwake
hadi korosho ikadondoka juu ya bati, ikabingirika, ikatua chini.
Mmoja akaanza kumsaidia; Asinati akamfinya.
Nilimtazama Shaibu usoni, saa nimeivua, iko mfukoni.
Halafu ikatoka, imechanika vipande vinne,
nami nikavipokea vyote vinne.

Usiku huu, kwa taa ya sola inayofifia,
napitisha buluu juu ya nyekundu, siku arobaini na moja.
Zinageuka zambarau.
Mahali pengine kalamu imetoboa karatasi.
Mkaguzi anakuja Alhamisi.