Dirisha Namba Mbili, Masanga

Wanauliza umbali kana kwamba niliukata mimi
kwa panga langu, nikaubakiza mrefu makusudi.
"Tabora saa ngapi?" Kuondoka, kumi na mbili alfajiri.
Kufika ni Mungu na dereva Nsabi,
na Nsabi hajawahi kuniangusha, ila tairi.

Ubaoni nimeandika kwa chaki: saa nane.
Masika ikiingia nafuta, naandika: inategemea.
Mwalimu mmoja alinisahihisha, "Inategemea si saa."
Nikamwambia apande. Akishuka atanieleza.

Baba alishika bendera ya kijani relini
hadi mkono ukazoea kuinuka wenyewe usingizini.
Yeye kilomita hakuzijua. Alihesabu kwa kinywa:
Uvinza, chumvi. Malagarasi, daraja na mbu.
Nguruka, samaki mkavu. Usinge, asali
ya kuonja bure ukiwa na uso wa mnunuzi.
Kaliua, usingizi. Urambo, tumbaku
inayokuamsha kama bibi aliyesahau kiko kitandani.
Halafu Tabora, na mtu wa kukuuliza, "Mmelalaje njiani?"

Na ndege.
Mlio hutangulia, kisha kivuli kinapita juu ya daftari langu,
kinafuta majina ya abiria, kinayarudisha.
Saa moja tu, wanasema waliopanda.
Ila haiji kila siku, na nauli yake
ni mbuzi watatu na mkia wa wa nne.
Ukiingoja tangu Jumanne hadi Alhamisi,
saa moja hiyo ina siku mbili tumboni.

Binti yangu Zawena aliweka rula juu ya ramani ya shule.
"Sentimita tatu na nusu, Baba.
Mbona mama hafiki?"

Nilikuwa nakunywa uji. Niliendelea kunywa.

Mwamvua, uko Isevya kwa dada yako,
unashona sare za wanafunzi, nasikia,
kwa cherehani ya mkopo.
Tangu uondoke nimeuza viti vya kuja huko, sijui mia ngapi:
wanawake wa madumu ya mawese, askari wa likizo,
bwana harusi mwenye suti kwenye mfuko wa saruji,
jogoo mmoja aliyelipiwa nusu.
Kila mmoja nilitaka kumtuma neno.
Kila mmoja nikamrudishia chenji.

Neno lenyewe ni samahani, na nauli yake siijui.
Siku nyingine liko hapa, kwenye koo, hatua moja.
Siku nyingine liko ng'ambo ya ziwa, Kalemie,
linataka pasipoti.

Leo nimekata kiti namba kumi na saba, dirishani.
Nimeandika Songoro Kiza,
mwandiko ukatoka kama wa mtu nisiyemfahamu.
Nauli nimejilipa. Chenji nimejirudishia, nikaihesabu.
Bigirwa, kijana wa zamu, hakuinua kichwa:
"Abiria, mzigo?"
Migebuka mikavu, kilo mbili.
"Na hicho mkononi?"

Rula.
Ya mtoto. Kasema nikamwonyeshe mama yake.