Malipo ya Kwanza

Tarmo alikuja na karatasi zake mwezi wa pili,
pumzi imemgandia masharubuni.
Mama, akasema, joto lipo chini ya malisho.
Nikamjibu: chini ya malisho nimezika
farasi wawili na mbwa watatu,
joto sijawahi kulikuta.

Akachora mezani, pembeni ya mkate,
friji iliyogeuzwa matumbo nje.
Hunyonya ubaridi usio baridi kabisa,
huukamua, huukamua kama kiwele kigumu,
mpaka utoe maji ya moto ya kuoshea vyombo vya maziwa.
Na umeme wa kukamulia?
Akanyoosha kidole: paa la zizi, upande wa kusini.

Hapo nikacheka.
Huku Võru, Disemba, jua ni mgonjwa:
saa tatu asubuhi linachungulia dirishani,
saa tisa alasiri limerudi kitandani.
Utamkopesha nani, mwanangu, mtu wa namna hiyo?

Lakini Mei tukachimba.
Mita mia sita za bomba jeusi,
kina cha kifua changu,
kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Mtaro wa kwanza ukatoa kiatu cha farasi.
Wa nne ukatoa chupa ya vodka, kizibo kipo, ndani tupu:
marehemu Endel hakuwa mtu wa kubakiza.
Niliifuta kwa aproni, nikaiweka dirishani.
Sikusema kitu. Tarmo naye akaendelea kufukia.

Jirani Kaarel na bintiye wakapanda paani,
paneli arobaini na mbili,
mbayuwayu wakiwatukana kutwa nzima
kwa kuwagongea nyumba kichwani.

Julai usiku ukakonda ukawa uzi.
Umeme ukafurika, hatukujua tuuweke wapi.
Maziwa yalitoka kwa Maasik na wenzake
na joto la mwili bado limo;
tangi likayapoza, na joto lile,
ambalo miaka yote tulilipulizia nje kwa feni
wakalifaidi nzi,
pampu ikalisukuma ardhini.
Nikawaza: basi tunazika kiangazi,
kama viazi.

Januari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Paneli zikalala chini ya theluji, kimya,
nikapanda ngazi na ufagio,
Tarmo akanishusha kwa makelele ya baba yake.
Sitadanganya: bili ya mwezi ule iliuma.
Umeme tulinunua, kama kila mtu.
Lakini gogoro la kuni nyuma ya banda
lilifika Machi likiwa na nusu yake,
na ndama aliyezaliwa usiku wa manane
aliikuta sakafu ya vuguvugu
akalala juu yake kana kwamba ni haki yake.
Jiko la matofali nililiwasha Jumapili tu,
kwa ajili ya paka.

Aprili theluji ikaondoka.
Malisho ya Kaarel yakawa kijani.
Yangu yakatoka na michirizi:
kijani, manjano, kijani, manjano,
juu ya kila bomba nyasi zimechelewa wiki mbili.
Leida, akaniita kutoka kwenye uzio,
shamba lako limetoka mbavu!

Nilisimama pale na buti za Endel.
Si mbavu, nikamwambia. Ni daftari.
Kila mstari wa manjano ni pale tulipokopa.
Dawa ya deni ni kulipa,
na jua, tazama, limeshaamka,
halina tena sura ya mgonjwa.

Maasik akatoka zizini, wa kwanza kama kawaida,
akanusa, akavuka mstari mmoja, wa pili,
juu ya wa tatu akasimama,
akainua mkia, akakojoa
kwa muda mrefu, bila aibu.
Mvuke ukapanda.

Kaarel akavua kofia.
Andika hiyo, akasema.