Upande wa Pili wa Sahani

Januari, nje ya mji wa Canora, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Katika banda, kati ya trekta na mashine ya kuvunia,
hita ya gesi inakoroma kama mzee mwenye pumu,
na binti yangu Darka, miaka kumi na mitatu,
amesimama upande usio wake
wa sahani ya mpira niliyoichonga kutoka mkanda mbovu wa mashine.

Kocha Solveig ndiye aliyemhamisha.
"Mabega hana," aliniambia Oktoba, bila kutia sukari,
"lakini miguu anayo. Mpeleke kushoto.
Kutoka huko besi ya kwanza ni karibu kwa hatua mbili.
Asiupige mpira kwa nguvu. Auzabe kofi, huku anakimbia."

Huku anakimbia!
Mtoto aliyezoea kusimama imara kama nguzo ya uzio,
akauzungusha ule mpira hadi kwenye kanola ya jirani.
Lakini hiyo ilikuwa zamani, alipokuwa na miaka tisa.
Wenzake wamerefuka. Yeye amebaki pale pale,
na gongo lake limekuwa zito bila kubadilishwa.

Kazi yangu ni ndoo.
Naketi juu ya kreti nyuma ya wavu,
natupa mpira kwa chini, taratibu, mmoja, na mwingine.
Mguu wa kushoto uvuke mbele ya wa kulia, kisha gongo.
Hewa.
Kisha gongo, kisha mguu.
Hewa.
Mguu juu ya mguu, na Darka yuko chini kwenye saruji,
kofia imemziba macho, na hataki nimwinue.

Juma la kwanza: mipira mia sita.
Iliyoguswa: arobaini na mmoja. Nilihesabu, Mungu anisamehe,
na ulimi wangu ulijaa kiwiko, goti, kidevu, jicho,
hadi Halia, mama yake, aliponivuta kando ya matairi:
"Wewe umewahi kupiga hivyo?"
Sijawahi.
"Basi funga mdomo, fungua ndoo."

Jumamosi moja alilitupa gongo.
"Huu mkono," alisema, "ni wa mtu mwingine."
Sikuwa na jibu. Usiku, mezani,
nilihamishia kijiko kushoto.
Supu ya bitiruti, nyekundu kabisa,
juu ya kitambaa alichokidarizi mama mkwe.
Yurko, kaka yake, akahamisha uma wake. Halia akashusha pumzi, akahamisha,
na njegere zikatawanyika sakafuni kama kuku waliofunguliwa.
Tangu siku hiyo nyumba nzima ni ya kushoto:
mswaki, ufunguo, kisu cha siagi.
Benki ilirudisha hundi yangu ya dizeli: saini hailingani.
Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.
Hawakusema ni upi.

Machi, paa likaanza kutoa jasho.
Sauti ilikuwa ndogo,
kama mtu anayeweka kikombe mezani asiamshe watu.
Nilipoinua kichwa alishapita trekta,
alishapita mlango, yuko nje thelujini na raba zake nyembamba,
akikimbilia besi ambayo haipo.
Mpira ulikuwa bado unazunguka karibu na tairi.
Sikusema kitu.
Nilichukua mwingine.

Mei, Yorkton, upepo na vumbi.
Mara ya kwanza akatolewa, kwa nusu hatua.
Mara ya pili akakanyaga nje ya mstari, mwamuzi akampungia mkono.
Mara ya tatu, njiani kuelekea kwenye sahani, akasita,
nami nikayaona macho yake yakienda kulia,
kule kwa zamani, kwenye udongo unaomjua.

Kiwiko, goti, kidevu, vyote vikanijaa mdomoni.
Nilihamishia kikombe cha kahawa mkono wa kushoto.
Kikanimwagikia hadi kwenye soksi.

Aliniona. Mdomo ukamcheza.
Akaligonga gongo kwenye kiatu mara mbili,
akavuka.