Kesho Yake Asubuhi

Mwasomola alitutilia msimu wa pili kwenye memori kadi
kibandani kwake Tukuyu, nyuma ya stendi,
sehemu kumi kwa elfu mbili,
na ya kumi iliishia hivi:
Keila juu ya daraja, barua mkononi, haijafunguliwa.
Skrini ikawa nyeusi. Tukajiona ndani yake,
mimi na Subilaga, blanketi moja,
mvua ikipiga bati kama ilivyozoea Rungwe,
bila kuuliza kama kuna mtu anasikiliza.

"Ni ya mama yake," akasema Subilaga,
ambaye wa kwake alikuwa Tunduma, kisha Zambia, kisha hatujui.
Nikasema ni ya Roani, anamwacha.
Tukabishana mpaka bibi akagonga ukuta.

Tulikuwa kidato cha pili.
Shule yao ina bwawa la kuogelea,
kila mtoto na kabati lake la chuma,
wala hatujawahi kuwaona wakifagia.
Hilo lilituchekesha kuliko vichekesho vyao.
Lakini tulijua Roani anadanganya lini:
hugusa sikio.

Msimu wa tatu unakuja, walisema.
Hawakusema lini.

Kwetu msimu haukawii hivyo.
Viazi vinang'olewa, vingine viko njiani.
Chai ndiyo haina hata adabu ya kupumzika:
unachuma leo, wiki mbili jani limerudi,
linakutazama kama hujawahi kuligusa.
Parachichi zilipanda bei, zikashuka,
mwaka mmoja mnunuzi hakuja kabisa, tukalisha nguruwe.
Bibi aliugua Desemba, tukamzika Machi,
kaburi likaota majani, tukapalilia, yakaota.
Sketi ya shule ilianza kumbana Subilaga mwezi wa sita;
tukasingizia ugali
mpaka ugali ukaanza kupiga mateke.
Matokeo yalipotoka nilisoma yangu mara moja, nikazima simu.
Yake hayakuwepo ya kusoma.

Akaenda Kasumulu, kwa kina baba mtoto,
wanaobadilisha kwacha pale mpakani.
Asubuhi ile, mzigo kichwani, mtoto mgongoni, akakumbuka kunidai:
"Ikitoka, usiangalie bila mimi."
Nikaapa, nikicheka.

Imetoka juzi. Miaka mitatu na miezi minne.
Mwasomola ana kitambi, ameacha mambo ya kadi,
anauza vocha na dawa ya mahindi.
Nikanunua bando la usiku,
nikasimama kwenye kona ya jiko, mtandao unaposhika.
Daraja lile lile. Barua ile ile.
Maandishi meupe: kesho yake asubuhi.

Kesho yake!
Roani ameota ndevu usiku mmoja.
Keila mashavu yamekwisha, sauti imeshuka,
gauni ni lile, mabega ya mwanamke mwingine,
na wanaongea habari za jana bila haya.
Usiku mmoja, kwao.
Humo ndani bibi yangu amekufa.
Humo ndani mtoto amezaliwa, ameota meno,
amejifunza kusema hapana.

Keila akapenyeza kidole chini ya gundi ya bahasha.
Nikasimamisha.

Nikamwandikia Subilaga: Imetoka.
Tiki moja. Usiku kucha tiki moja.
Jina lake kwa Kinyakyusa ni tumaini,
ila Mswahili akilisikia haraka
hudhani ameambiwa asubiri.

Siku ya nne akajibu kwa sauti,
malori yakinguruma, mtoto akililia kitu:
"Imetoka nini?"

Kisha barabara tupu, sekunde kama kumi.
Nikadhani amesahau kuzima.

"Aa. Ile.
Ni ya mama yake. Nilikwambia."