Mlango wa Kuazima

Mlango wetu ni wa mvule, wa buluu.
Tuliununua hoteli moja ya Casuarina ilipobomolewa;
bado una namba ya shaba, 14,
na kitundu cha kuchungulia kilichogeuzwa,
hata aliye nje humwona aliye ndani.
Tsuma alikiziba kwa nta.

Sisi tunaitwa Stara. Wanawake kumi na tisa
na huyo Tsuma, aliyekuja kutengeneza meza
akasahau kuondoka.
Mimi ni katibu. Naandika.

Hapa Maweni, kodi ikilala miezi miwili
mwenye nyumba hakufukuzi. Hana haja ya maneno.
Huja na bisibisi saa nne, wewe uko sokoni,
hung'oa mlango, huutia begani, huyo.
Nyumba hubaki mdomo wazi.
Kukufukuza ni kazi ya usiku:
mbwa, mbu, kikohozi cha mpita njia
kinachosimama kidogo, kisha kinaendelea.

Ndipo mtu huja kwetu, nasi humpa mlango.
Mkokoteni, bawaba mbili, komeo,
Tsuma na randa yake, na siku thelathini
za sisi kuchanga hamsini hamsini kila Jumatano,
ishirini wiki ya karo.

Daftari lasema:
Mbeyu, mfua nguo, watoto wanne: siku ishirini na sita.
Bi Mwanatumu wa viazi karai: siku arubaini. Tulinyamaza.
Kahindi, mpishi wa hoteli isiyo na wageni: siku tisa.
Huyu alihama usiku; asubuhi tuliukuta mlango
umeegemezwa ukutani kwetu, na chini yake
noti ya mia mbili, imekunjwa mara nne.

Siandiki kila kitu. Sikuandika kwamba Mbeyu,
usiku wa kwanza, aliufunga na kuufungua mara saba,
watoto wakihesabu.

Lakini fremu za Maweni, kila moja na upogo wake,
na randa hairudishi ilichokula.
Miaka sita: mlango umepungua shubiri nzima.
Paka hupita chini. Maji pia.
Jumatano moja Sidi akasema, tununue mwingine.
Jumwa akasema, tununue ploti.
Tukacheka. Kisha hakuna aliyecheka.
Maana ardhi ni ya mtu wa mbali tusiyemjua sura,
nyumba ni ya Shebwana, chumba ni changu
mpaka tarehe tano,
na joto la mabati ni la kila mtu.

Juzi akaja Shebwana mwenyewe,
mbele yake mkokoteni, juu yake milango kumi na mmoja
imefungwa kamba kama kuni.
Mwenye ardhi kaleta wapimaji;
ukutani kwa Shebwana kuna X nyekundu, bado mbichi.
Alitaka kutuuzia. Bei alikuja nayo
lakini hakuitaja.
Alisimama tu, kofia mkononi, akiitazama ile meza.

Wanawake wakainuka bila kuitwa.
Sidi aliujua wake kwa mistari ya penseli,
urefu wa mwanawe, mstari wa mwisho
ukiwa chini kidogo ya kitasa.
Mbeyu hakuushika wake. Aliunusa.

Kukawa na zogo hadi adhuhuri. Wako waliosema
naye alale wazi, ajue. Wako waliosema
stara haiulizi ulimvua nani.
Jumwa aliuliza bei ya kila mlango, mmoja mmoja,
polepole, kama anayechambua mchele.

Mimi nilifungua ukurasa mpya. Nikaandika:
Shebwana. Milango kumi na mmoja. Nyumba,
na hapo mkono ukasita.
Nilipoinua macho, Tsuma alikuwa ameshatoa futikamba,
anamwuliza, kwa sauti ya chini,
fremu ya huko anakohamia ina upana gani.